Kamba wa Nazi Nyumbani kwa Subal

Bhabatosh Guha alikuwa na sharti moja katika kazi yake: kalamu haingii jikoni kwa mtu. Mchezaji akiwa kiwanjani alikuwa halali yake. Alimwandika anavyokimbia, anavyoanguka, anavyokosa bao ambalo bibi kizee angelifunga. Lakini mchezaji akishavua viatu mlangoni kwake, habari zake zilikwisha. Sharti hilo alilishika tangu gazeti moja la asubuhi la Kolkata lilipomwajiri akiwa kijana, na kwa sababu yake alikaribishwa katika nyumba ambazo waandishi wenzake waliziona kwa nje tu. Alilivunja mara moja tu maishani.

Ilikuwa wiki ya Padma na Kumarpara, na mji haukuwa na neno jingine. Padma ni timu ya watu waliokimbia makwao ng'ambo ya mto nchi ilipokatwa vipande viwili. Kumarpara ni timu ya wenyeji. Padma wakishinda, samaki wa ilish hupanda bei siku hiyohiyo, kwa maana kila nyumba ya wakimbizi itakaanga ilish. Wakishinda Kumarpara, wanaopanda ni kamba, kitoweo cha wenyeji. Mtu wa Padma haingizi kamba nyumbani wiki ya mechi, hata kwa dawa. Watu hawa waliacha mashamba, visima na milango waliyoichonga babu zao. Walichobaki nacho ni timu na samaki, na hawakutaka kimojawapo kiguswe.

Matumaini yao yote yalikuwa miguuni mwa Subal Karmakar. Magazeti yalimwandika kila kukicha: uzito wake, kifundo chake cha mguu, ndoto aliyoota. Hata kinyozi wake alihojiwa, akasema nywele za upande wa kushoto humea upesi kuliko za kulia, na ndiyo siri ya mguu ule wa kushoto. Watu walisoma wakatikisa vichwa kwa heshima. Bhabatosh peke yake aliandika mazoezi kama alivyoyaona akiwa amesimama kwenye uzio.

Jumanne, baada ya mazoezi, Subal alimfuata pale uzioni.

"Kaka Bhaba, kesho mchana uje ule kwetu. Mke wangu anafanyiwa sadh."

Sadh ni karamu ya mwanamke mjamzito. Miezi ya mwisho hulishwa kile anachokitamani, chochote kile, maana akinyimwa, mtoto atakuja duniani na uchu usiokwisha. Na Minoti, mke wa Subal, alikuwa binti wa wenyeji, mzaliwa wa upande wa Kumarpara. Alichotamani ni kamba wa nazi.

Mama yake Subal alikwenda sokoni mwenyewe, akarudi na kikapu kilichofunikwa kanga mbili, kama mwizi wa kuku.

"Wiki zote za mwaka, kachagua hii," alisema akipakua. "Mtoto hajazaliwa, keshaanza usaliti."

"Mama, si mimi, ni tumbo," Minoti alijibu.

"Tumbo hilo lina wajomba Kumarpara. Usidhani silijui."

Wakacheka. Subal alisogeza bakuli mbali naye. "Mimi wadudu hawa siwagusi mpaka Jumapili," akasema, akala wali kwa dengu na yai. "Kaka Bhaba, wewe huna timu. Kula. Ila ukimwambia mtu, umenizika."

"Nimekujua tangu unacheza peku. Nimewahi kumwambia nani nini?"

Bhabatosh alikula. Alinyonya vichwa vya kamba mpaka vidole vikang'aa, na mama akamwongeza mara mbili.

Ijumaa mhariri wa michezo, Pinaki Lahiri, alimwita mezani kwake.

"Wenzako wamefika mpaka kwa kinyozi. Wewe unaniletea mbio za asubuhi."

"Mimi naandika mpira, Mzee Lahiri."

"Mpira mwenye macho anauona bure. Sikiliza, ndugu yangu. Ukurasa wa kwanza wa kesho nimeuacha wazi kwa ajili ya Subal. Ukiujaza, ni wako. Usipoujaza, nampa Tarun, na wewe kuanzia wiki ijayo utaandika kriketi za shule."

"Tarun hajui hata mpira una upande gani."

"Anajua msomaji ana upande gani."

Bhabatosh aliketi mbele ya taipureta yake. Miaka yote ile kwenye uzio, mvua na jua, kisha kriketi za watoto. Akaanza kuandika ile karamu. Aliandika Minoti na tumbo lake, mama mkwe na kikapu chake, Subal na yai lake. Alipoisoma aliona ni habari tamu ya ukurasa wa akina mama. Akafuta sadh. Bado ilikuwa laini. Akafuta yai. Akaongeza jina la mtaa ili habari isimame vizuri. Kilichobaki kilikuwa hiki: Jumatano mchana, siku chache kabla ya kukutana na Kumarpara, kamba wa nazi walipikwa nyumbani kwa Subal Karmakar, mwandishi huyu alikuwepo, aliwaona. Hapakuwa na neno moja la uongo. Wapo watu wanaodhani hiyo ni kinga mbele ya Mungu.

Lahiri alisoma, akasoma tena. "Sasa hii ndiyo kazi," akasema. "Kumbe ulikuwa na chakula mfukoni unatuacha na njaa."

Jumamosi, karibu na kiwanja, Bhabatosh alisimama kwenye meza ya chai katikati ya watu wa Padma. Hawakumjua kwa sura.

"Kumbe jamaa keshalishwa."

"Kaoa kwao. Ukioa kwao, utakula kwao."

"Leo asipofunga tutajua alihongwa kamba wangapi."

"Kamba si hongo. Kamba ni risiti."

Walicheka sana. Neno moja lingetosha: mkewe ni mjamzito, ilikuwa sadh. Kila mmoja pale alikuwa na mke au dada, wangeelewa mara moja. Bhabatosh alikunywa chai yake mpaka mwisho, akavunja kikombe cha udongo chini kama wafanyavyo wanywaji wote, akaingia kiwanjani. Alijiambia Subal atafunga, na jioni itakuwa mzaha.

Subal hakufunga. Kumarpara walipata bao moja kipindi cha kwanza. Dakika za mwisho Subal aliwapita mabeki wawili, akapiga kwa ule mguu wa kushoto, mpira ukagonga mwamba ukarudi. Siku nyingine wangelaumu mwamba. Siku ile mtu mmoja jukwaani aliita "Kamba", akafuata wa pili, kisha jukwaa zima likawa linaita neno hilo kwa pamoja, pole pole, kama watu wanaotwanga.

Polisi walimfungia Subal katika chumba cha kubadilishia nguo kwa usalama wake. Hakuna aliyefikiria nyumba. Bhabatosh alikwenda ofisini kuandika mechi, naye anaandika, watu walikuwa wanaelekea mtaa alioutaja, wengine na gazeti limekunjwa mkononi. Walichukua ndoo ya maganda ya kamba sokoni, wakaokota na matofali njiani. Maganda yalimwagwa mlangoni. Matofali yalipita dirishani. Minoti alikimbilia ngazi za nyuma, akaanguka.

Jumatatu Bhabatosh alikwenda. Mama yake Subal alifungua mlango nusu. Bhabatosh aliinama kuvua viatu.

"Usivue," mama akasema. "Mtu wa kazini havui viatu."

"Mama, sikuandika uongo."

"Hukuandika. Kamba walikuwepo. Si mimi niliyekuongeza?" Alimtazama kama anayekagua samaki aliyelala. "Ng'ambo ya mto nyumba yetu ilichomwa na majirani, mwanangu. Lakini wale hawakuwa wamekula kwetu wiki ileile. Asante ya punda ni mateke, tunajua. Ila punda hajasoma."

Ndani, Subal alikuwa amekaa sakafuni, ameupa mlango mgongo. Hakugeuka.

"Mama," akasema, "mwambie mwandishi aende."

Siku zote alikuwa akimwita Kaka.

Gazeti la Jumamosi ile liliisha kabla ya jua kupanda, na Lahiri alitimiza ahadi: ukurasa wa kwanza ukawa wa Bhabatosh. Subal hakuvaa tena jezi ya Padma wala ya timu yoyote. Alipata kazi kwenye karakana ya reli. Minoti alipona. Mtoto, wa kike, alizaliwa hospitalini jioni ile ya mechi kabla ya siku zake, akaishi mpaka Jumapili asubuhi, akafa hajapewa jina.