Sahani ya Sita

Mama alivuka ziwa Mweru kutoka Kongo kuja kuolewa hapa Kashikishi akiwa na sahani moja ya Kifaransa, imefungwa ndani ya kitenge. Katikati yake kuna sungura. Alichorwa kwa mkono, unywele mmoja baada ya mwingine, na mchoraji hakusahau hata ule mwanga mdogo ndani ya jicho. Kwao zilikuwa sita, mama alisema, kila moja na mnyama wake wa mawindo, kisha zikatawanyika.

Wazazi walipofariki niliacha shule, nikaanza kuuza chisense, dagaa wetu wa Mweru, ili wadogo zangu wasome. Kila mashua ikifika kutoka Kongo niliwauliza akina mama wachuuzi kama wamebeba vyombo vya zamani. Miaka ikapita, nikapata nne: kware, bata, nguruwe pori, na mnyama mwenye pembe kama matawi makavu, ambaye huku hakuna aliyewahi kumwona. Nyuma ya zote tano, hata ile ya mama, kuna jani moja la kijani, alama ya mchoraji. Hatujazilia chakula hata siku moja. Nikizishika napitisha kidole juu ya mchoro. Mtu nisiyemjua aliinama hapa, akazuia pumzi, akachora unyoya.

Mwaka jana alikuja shibukombe, yaani mshenga, kumposa mdogo wangu wa kike. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, aliweka mbele yangu sahani mbili, moja imeifunika nyingine, pesa ya posa ikiwa ndani. Kufunua ni kukubali. Ile ya juu ililala kifudifudi, na mgongoni mwake nikaona jani la kijani.

Nilijikuta nimeshanyoosha mkono.

"Yaya," mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "unaangalia sahani ao unaangalia mie?"

Shibukombe akacheka. "Funua tu, mukubwa. Haiko nyoka, haitakuuma."

Nikamuuliza mdogo wangu kama anamtaka yule kijana.

"Hapana, yaya. Mie nangoja chuo cha uuguzi." Akaitazama sahani. "Lakini nikikatala, utaikosa."

Nikaziinua zote mbili pamoja, bila kuziachanisha. Vidole vyangu viliutambua ukingo wa ile ya juu, wenye mawimbi, sawa kabisa na wa zile tano zetu. Nikamrudishia shibukombe mikononi.

Mdogo wangu yuko chuoni sasa. Mnyama wa sita simjui. Nikisubiri mashua asubuhi ninamuwazia, leo ana manyoya, kesho ana pembe. Jicho lake tu ndilo halibadiliki. Lina mwanga ule ule.