Kiingereza cha Kipilefti

Baba yangu alinuka rangi na mafuta ya taa hata siku ya Ijumaa, ametoka kuoga anaelekea msikitini. Kazi yake ilikuwa kuandika mabango: majina ya maduka, bei za chipsi, vibao vya barabarani. Aliishia darasa la nne. Mwalimu wetu wa tuisheni pale Temeke, Ticha Mkude, alivaa tai juani na kukiringia Kiingereza kana kwamba alikirithi kwa babu yake. Mtu mzima ovyo!

Siku moja alituuliza kipilefti, ule mzunguko wa njia panda, kinaitwaje kwa Kiingereza. Akajijibu mwenyewe, amejibinua: “Keep left! Vikiwa viwili, keep lefts!” Tukaandika.

Jioni nikamsomea baba. Alicheka mpaka akaweka brashi chini. “Mwanangu, hilo si jina, ni amri. Kibao kile nimekiandika kwa mkono wangu: dereva, pita kushoto. Watu wakakisoma wakadhani ndilo jina la mahali. Wenye lugha yao wanapaita raundabauti, injinia wa barabara ndiye aliyeniambia.”

Kesho yake akaja barazani kwa Ticha, tulikosomea, rangi imemgandia kwenye kucha, amweleze kwa adabu. Hakutafuta ugomvi, aliogopa nitakosa swali kwenye mtihani. Ticha akamkagua kuanzia ndala mpaka utosini.

“Mzee, umesoma mpaka la ngapi?”

“La nne, mwalimu.”

“Basi Kiingereza waachie wenyewe. Nenda kapake rangi.”

Darasa zima likaangua kicheko. Na mie nikacheka, tena kuliko wote, nisije nikajulikana kuwa ni mtoto wake. Baba akaniona. Akasema, “Haya, mwalimu,” akaondoka.

Kidato cha kwanza nikaikuta raundabauti kitabuni, na picha yake. Ticha siku hizi anafundisha mtandaoni, anaharibu Kiingereza mbele ya watu wengi zaidi, na wanamshukuru! Namtazama nasonya. Baba ni mzee sasa, mikono inamtetemeka, na siku ile hajaitaja hata mara moja. Nimemdharau Ticha miaka yote hii, na anastahili. Lakini yeye alimcheka mtu asiyemjua. Mie nilikuwa namjua.