Amina ya Sherifu Biskuti

Verlyn Haugen hakuwa mtu wa kukumbatia watu. Tuanzie hapo, maana mengine yote yametokea hapo. Kule Lunder, Minnesota, alikosimamia maghala ya nafaka mpaka akastaafu, mwanamume akimpenda mtu humkagulia matairi ya gari. Siku mwanawe Curtis alipohitimu chuo, amevaa joho na machozi yanamlengalenga, Verlyn alimpa mkono, akautikisa mara moja, akamwuliza, "Oili ya gari umeangalia?" Basi. Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yote ya siku ile. Mkewe Arlene alimfinya kiunoni ili aongeze neno, wapi! Afadhali angeufinya mlingoti wa bendera.

Si kwamba hakuwa na sauti. Alikuwa nayo, tena nzito ya kutetemesha vioo, ila aliitumia kanisani tu, na huko nako kwa kituko chake mwenyewe. Amina yake ilichelewa. Kanisa zima la Kilutheri likishaitikia na kunyamaza, ndipo ya Verlyn ilipotoka benchi la nyuma, peke yake, ikijikokota kama trekta linalopanda kilima: "Aaaaa-mina." Mchungaji alikuwa akiisubiri ndipo afunge kitabu. Watoto waliozaliwa pale walidhani ni sehemu ya ibada.

Arlene alipofariki na magoti yakaikataa theluji, Verlyn akahamia Florida, mjini Orlando, kwenye kinyumba chenye kiyoyozi kinachokoroma. Kila Jumapili Curtis alimpigia simu, wakaulizana hali ya hewa, wakaagana. Upweke ukamtafuna. Mwisho akaenda kuomba kazi ya kuosha vyombo katika mkahawa uitwao Kwa Sherifu Biskuti, mahali ambapo familia hujipakulia kifungua kinywa mpaka vifungo vya suruali vikalalamika, huku watu waliovaa mavazi ya wanyama wakipita mezani kupiga nao picha. Hata aproni hajaifunga vizuri, kijana anayevaa vazi la dubu, Sherifu Biskuti mwenyewe, akashikwa na tumbo. Meneja, Bwana Dalton, akaangaza macho jikoni akitafuta mtu mrefu.

"Mzee! Hebu simama wima."

Akavishwa manyoya, buti, kofia pana na nyota ya bati kifuani, akasukumwa ukumbini kupitia vile vimlango vya kubembea. Mtoto asiyemjua kabisa akamkimbilia, akamkumbatia mguu. Verlyn aliganda. Kisha mkono mnene wa dubu ukashuka, polepole, ukatua mgongoni mwa mtoto. Sabuni ya vyombo hajaigusa tena mpaka leo.

Na ndani ya dubu, jamani, kumbe kulikuwa na mtu! Alikata kiuno. Aliwapungia leso akina bibi. Aliwabeba watoto, akawapulizia mabusu, akawakumbatia baba zao, asubuhi nzima. Akishavua kichwa nyuma ya jiko, jasho likimchuruzika, anarudi kuwa Verlyn Haugen, anaaga kwa kutikisa kidevu. Marisol Quiñones, mama wa Kipuerto Riko aliyekuwa akimshika mkono na kumwongoza, kwa kuwa dubu huonea mdomoni na miguuni haoni kitu, alimcheka kila siku.

"Mzee, huyu dubu ana roho kukushinda wewe."

"Hm," alijibu Verlyn.

Sharti lilikuwa moja tu: dubu hasemi. Akanyagwe, amwagiwe kahawa, nyumba iungue, dubu hasemi. Atakayefungua mdomo anavua vazi siku ileile, na halivai tena. Kabla yake mmoja alifukuzwa kwa kosa la kusema "samahani."

Sasa Curtis alipouliza kwenye simu, "Baba, kazi gani hiyo?" Verlyn alijibu, "Nashughulika na wateja. Niko mbele." Curtis akamwambia mkewe Janelle kwamba baba amekuwa meneja. Janelle, ambaye habari haikai kinywani mwake kama vile maji hayakai kwenye chujio, akaitangaza kanisani. Lunder nzima ikapeleka pongezi. Verlyn akazipokea kwa "hm." Uongo hakusema, ila ukweli nao hakuutoa. Angeanzaje? Mzee wa kanisa, anakata kiuno ndani ya manyoya, na anapenda!

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwezi wa Februari Curtis, Janelle na binti yao Britta wa miaka sita walishuka Orlando. Verlyn aliwaambia Jumamosi asubuhi yuko kazini, wakutane jioni. Janelle akaona hapana, tumfuate hukohuko, tumshtukize.

Basi Jumamosi ile Sherifu Biskuti alitoka kwa mbwembwe zote, vidole gumba kwenye mkanda, akatupa macho kupitia mdomo wa dubu, na pale karibu na dirisha akamwona mwanawe, amejaza sahani bekoni kana kwamba nguruwe wanahama nchi.

"Marisol," akanong'ona, kwa sauti ya chini kuliko pumzi. "Turudi."

"Nyamaza, mzee! Dalton yuko pale kwenye mayai."

"Wale ni watoto wangu."

"Yesu na Maria," alisema Marisol, na kabla hajajua la kufanya Britta alikuwa keshasimama juu ya kiti akipiga kelele, "Sherifu! Sherifu, njoo kwetu!"

Dubu haitwi na mtoto akakataa. Wakaenda.

"Dada," Janelle alimwambia Marisol, "tunamtafuta meneja. Mzee Haugen. Ni baba mkwe wangu."

Marisol alitupa jicho jikoni. "Meneja... yuko ofisini. Anagombana na mtu wa mayai."

"Baba? Anagombana?" Curtis aliacha kutafuna. "Kwa maneno?"

"Huwa anamkazia macho tu."

"Ah, huyo ndiye yeye."

Wakacheka. Dubu naye akatikisa tumbo, maana kazi ni kazi, huku ndani mtu akijiombea ardhi ipasuke. Britta alikuwa keshamkalia mguuni, anamsuka manyoya.

"Haya, kabla hajatokea," Janelle akamwegemea mumewe, akashusha sauti, kana kwamba dubu hana masikio, na masikio yale yalikuwa makubwa kama sahani. "Unamwambia lini?"

"Leo jioni."

"Usimwulize, Curtis. Mwambie. Chumba cha chini kiko tayari, kitanda kipo, runinga ipo. Jumatano tunapanda naye ndege. Mzee wa miaka sabini na moja hakai peke yake na joto hili."

Verlyn alihisi baridi ndani ya vazi lile ambalo hakuna aliyewahi kuhisi baridi ndani yake. Chumba cha chini! Alikijua. Kina dirisha moja, na dirisha lenyewe linatazama tairi la trekta. Angekaa humo akingoja Jumapili ili aseme Amina. Na dubu angevaliwa na nani? Nani angewakumbatia watoto wa Jumamosi? Hakutaka kwenda. Maishani mwake hakuwahi kukataa jambo kwa moyo wote namna ile, na siku ya kukataa ndiyo hiyo aliyofungwa mdomo.

Akatikisa kichwa. Kushoto, kulia, kushoto.

"Mama, Sherifu anasema hapana," alisema Britta.

"Anacheza tu, mpenzi."

Dubu akatikisa tena, kwa nguvu, kofia ikamruka ikaangukia kwenye shira ya meza ya jirani. Curtis akacheka mpaka akapaliwa.

"Sherifu, wewe humjui mzee wangu," akamwambia dubu, akijifuta mdomo. "Hatakataa. Atasema 'hm' na kufunga begi. Hata sijui kama anatupenda au anatuvumilia. Nikiwa mdogo nilikuwa najiangusha kwa makusudi kwenye barafu ili anishike. Ananinyanyua kwa kola, ananikung'uta theluji, ananiweka chini." Akachukua bekoni nyingine. "Basi ndiyo hivyo. Tule."

Maneno hayo yalimchoma Verlyn kuliko lile suala la chumba. Alikumbuka yale maanguko. Alikuwa akidhani kijana ana miguu mibovu.

"Baba, hatujaomba!" Britta alidakia.

Kweli, hawakuwa wameomba, na Curtis ana bekoni shavuni. Mhaugen haombei chakula akiwa amejaza mdomo. Alimeza haraka, wakashikana mikono, na Britta, kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa wazi, akaushika wa dubu. Curtis akainamisha kichwa, akaomba sala ileile ya Lunder, sala ya Verlyn mwenyewe, na ya baba yake Verlyn kabla yake: fupi, kavu, ya kushukuru kwa mkate na kuomba mvua ya kiasi. Dubu akainamisha kichwa. Alifumba macho bila kujijua. Mahali pale pakamtoka akilini. Akawa mezani kwake, Arlene kulia, na sufuria la viazi likitoa mvuke.

"Amina," alisema Curtis.

"Amina," walisema Janelle na Britta.

Kukawa kimya.

Na kutoka tumboni mwa Sherifu Biskuti, peke yake, nzito, ikijikokota kupanda kilima, ikatoka: "Aaaaa-mina."

Kijiko cha Janelle kilianguka. Marisol akafanya ishara ya msalaba. Meza ya jirani waligeuka wote, bado wanaipangusa ile kofia.

"BABU!" Britta alipiga ukelele wa kuamsha wafu. "Babu yumo ndani ya dubu!"

"Ni spika," alisema Marisol upesi. "Ya ukutani. Imeharibika tangu Alhamisi."

Curtis alimkodolea macho dubu, rangi ikimtoka na kurudi. Akatazama mdomo wa dubu, akainama kidogo, na mle gizani akayakuta macho mawili ya buluu yanayomwangalia kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

Bwana Dalton alikuwa keshafika, kijiko cha mayai bado mkononi. "Nani amesema hapa? Nimesikia sauti. Imetoka kwa dubu?"

Hapo ndipo Verlyn alipoona mwisho wake. Ama avuliwe manyoya mbele ya mjukuu, ama apandishwe ndege Jumatano, na kwa jinsi bahati yake ilivyokuwa, yote mawili.

Curtis akasimama. "Ni mimi," alisema.

"Wewe? Ile sauti?"

"Sisi Walutheri wa Minnesota huitikia mara mbili," alisema Curtis, uso mkavu wa Kihaugen. "Ya kwanza ya chakula. Ya pili ya mvua." Akavuta pumzi, akaunda sauti nzito ya bezi ambayo hakuwa nayo: "Aaaaa-mina." Ilipasuka katikati kama ya jogoo mchanga.

Janelle, ambaye nakwambia habari haikai kinywani mwake, alimtazama mumewe, akamtazama dubu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akafunga mdomo. Kisha akaufungua tena. "Ya pili hata mimi huwa naisema. Aaaamina."

"Aaaamina!" Britta akaongeza, amefurahi kupita kiasi.

Bwana Dalton aliwatazama watu hawa watatu waliotoka kwenye theluji, akaona ni kheri arudi kwenye mayai yake. Akaenda zake.

Curtis akabaki amesimama mbele ya dubu. Watoto wengine walikuwa wanajipanga nyuma yake, hivyo hakuweza kusema jina.

"Kwa hiyo, Sherifu," alisema taratibu. "Unashughulika na wateja."

Dubu akaitikia kwa kichwa.

"Uko mbele."

Akaitikia tena.

"Na watoto hawa wote unawakumbatia? Kila siku?"

Dubu alitazama buti zake, ambazo hakuweza kuziona. Aibu ilimjaa, na si kwa ajili ya manyoya. Curtis akanyoosha mkono, kama walivyozoea. Dubu akaupokea, akautikisa mara moja. Akauangalia. Halafu akamvuta yule mtoto wa miaka arobaini na kitu, akamgandamiza kifuani, nyota ya bati ikimchoma shavu, akamshika pale kama mtu aliyeanguka kwenye barafu.

Curtis alilia kwenye manyoya yanayonuka jasho na bekoni. "Oili nimeangalia, Baba," akanong'ona mdomoni mwa dubu. "Nilitaka ujue. Huwa naangalia."

"Baba, zamu yako imekwisha," Britta alimvuta suruali. "Kuna foleni."

Akajitoa, akajipangusa kwa leso ya mkahawa. Janelle alikuwa naye analia, huku anapiga picha.

"Kile chumba cha chini," Curtis alimwambia, "tuweke humo meza ya tenisi."

"Na tiketi yake ya Jumatano je?"

"Tutaibadilisha, mama yako aje kuona dubu." Akamgeukia Sherifu. "Krismasi utakuja?"

Dubu akatikisa kichwa juu chini.

"Uje. Lakini usije peke yako. Mlete na huyu dubu, mzee wangu. Nataka anishukie uwanja wa ndege."

Dubu akasimama, mikono imelegea. Curtis alingoja, Janelle alingoja, hata Britta akanyamaza. Marisol, aliyemfahamu mtu wake, aliona kifua cha manyoya kinavimba, akaanza kukohoa kwa nguvu zake zote ili Bwana Dalton asisikie.

"Aaaaa-mina."