Visigino vya Ukoo

Fundi viatu alijidunga insulini tangu utotoni, na kwa hiyo ukoo ulimhesabu kuwa ndiye mgonjwa wao rasmi. Wengine walikuwa wazima mpaka siku walipoanguka na kufa. Baba alianguka akiwa na soli mkononi. Baba mdogo alianguka akibishana na mpaka rangi wa nyumba yake. Aliyelaumiwa akawa yule mpaka rangi.

Kitambulisho chao kilikuwa kisigino. Juu yake, kwa nyuma, wengi walikuwa na kinundu kigumu, kilichosemekana kuletwa na viatu vibaya vya babu, naye fundi. Kwamba hata wajukuu waliozaliwa babu yuko kaburini walikuwa nacho, hakuna aliyejisumbua kuuliza. Fundi aliwapunguzia tu ngozi ya nyuma ya viatu.

Kliniki ya kisukari ikapata daktari mpya. Akamkagua fundi miguu akitafuta vidonda, akakuta kinundu, akakibinya, akakibinya tena. Fundi akamsimulia habari za babu. Daktari alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema hayo ni mafuta ya damu yaliyojikusanya. Wapo wanaorithi damu ya namna hiyo, na mishipa ya moyo wao huziba mapema. Kisukari kikiongezwa juu yake, moyo hubeba mizigo miwili. Dawa ipo.

Vipimo vya damu vikamuunga mkono daktari. Fundi akameza kidonge cha kwanza, kisha udadisi ukamshika: akaanza kuupitia ukoo kichwani, mguu kwa mguu. Viatu vya baba alivipunguza ngozi. Vya baba mdogo pia. Mama hakuwahi kuhitaji. Alipofika kwa dada yake, akasita.

Jioni dada akaja kuchukua viatu vyake vipya.

"Mzee wa sukari, hujambo?"

"Sijambo. Hebu vua hivyo ulivyovaa."

"Nimefuata viatu, sikuja kuposwa."

Lakini alivua. Fundi akapapasa nyuma ya kisigino, akakikuta kinundu, akamweleza yote. Babu aliwapa kweli, alisema, ila si kwa viatu.

"Mimi sina sukari," dada akasema.

"Baba naye hakuwa nayo."

Dada akachukua kiatu kimoja kipya. Akakigeuza, akatazama nyuma.

"Umepunguza tena?"

"Zaidi ya mwaka jana."

Akavaa. Vilimkaa vizuri mno. Akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi, na kama huyo daktari ana maneno mengi.