Mama Yangu Kando ya Kuni

Hii si habari ya kusikia. Ni minye mwenyewe niliona, kwa macho haya, na haikuwa usiku. Jua lilikuwa juu ya kichwa. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Kisiwa chetu kiko ziwani Tanganyika, upande wa Ubwari, mawe na pori tu. Nilizaliwa pale. Leo ni parki ya wanyama, watu wote tulihama, wamebaki nyani. Mama yangu, Nyota, alikufia pale nikiwa mutoto. Asubuhi ile aliniambia twende kuni. Nikakataa, juu nilitaka kucheza na Mwavita na Esperansi. Jioni wakamukuta chini ya jiwe kubwa, shingo imevunjika, kuni ziko juu yake. Hakukuwa muntu wa kumutwika. Unajua mwanamke akijitwika peke yake: anapiga magoti, anainuka akiyumba.

Basi mwaka juzi, na uzee huu wangu, nikataka kutafuta kaburi lake nimuombe musamaha. Wilondja, mwenye mutumbwi wa motere, alinivusha, akinitania kama bibi yake.

"Koko, nyani wa kule hawajaona mwanamke miaka mingi. Watakuoa."

"Watoe ng'ombe kwanza," nilimujibu. "Weye chunga motere yako."

Akabaki ufukoni, nikapanda peke yangu. Njia ya zamani imekufa. Nilishika mizizi, nikatambaa kwenye mawe kama mujusi. Kaburi sikuliona. Nilipofika kwenye lile jiwe kubwa, nikasikia muntu anakohoa.

Mwanamke amekaa chini, mzigo wa kuni kando yake. Kichwani iko ngata ya majani ya mugomba, mabichi kabisa. Niamini, pale hakuna mugomba hata mumoja, nyani walimaliza. Lakini nilijisemea tu, huyu anaiba kuni za parki. Na kwetu haumupiti mwanamke ambaye mzigo wake uko chini. Nikainama, nikashika upande mumoja, tukauinua mpaka magotini.

Ndipo akaniita jina langu la utoto. Waliolijua ni baba yangu Byamungu, shangazi Feza na kaka yangu Salumu, na wote wako udongoni. Nikamuangalia usoni. Alikuwa kijana kuliko binti yangu wa mwisho.

"Nitwike, mwanangu," akasema. "Nimekungoja tangu asubuhi."

Weye ungefanya nini? Minye niliachilia. Mzigo ukaanguka, nikakimbia, nikianguka na kuinuka. Hakulia, hakunifuata. Alisema tu, polepole, "Basi, nitangoja."

Wilondja aliona damu kwenye magoti yangu. Akawasha motere.

Tangu siku ile mikono hii haipandi kupita mabega. Daktari aliitazama, akasema mifupa iko mizuri. Na hapa Kilibula tulipohamia, saa sita ya mchana, ninasikia kuni zikitupwa chini nyuma ya jiko. Mukamwana wangu Furaha anasikia naye. "Koko, nani ameleta kuni?" Tunatoka, hakuna hata kijiti.

Ningerudi. Lakini nitamutwika kwa mikono gani?

Sasa weye unayependa kuzunguka kule peke yako na telefone yako, ukipiga picha za mawe, sikia. Ukimukuta, usimuangalie usoni. Inama, umutwike, ungoje mpaka mzigo utulie kichwani. Nyuma ya hapo, kimbia unavyotaka.