Vénérande na Dakika Kumi za Kunyamaza

Tulikuwa watatu katika chumba kile cha matofali karibu na soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka: Vénérande, Audace na mimi Liliane. Meza tatu, kompyuta tatu, na feni moja iliyozunguka umeme ulipopenda. Kazi yetu ni ukalimani wa simu. Kule Lilongwe, Area 47, kuna ofisi yenye manesi wanaopokea simu za wagonjwa siku nzima. Akipiga mtu anayejua Kichewa, wanamalizana wenyewe. Akipiga mtu wetu ambaye Kichewa kinampiga chenga, nesi anatuingiza sisi kwenye laini: mimi na Vénérande kwa Kiswahili, Audace kwa Kirundi. Mgonjwa anasema, tunageuza. Nesi anajibu, tunageuza.

Vénérande ndiye aliyekuwa nyota yetu. Huko Bukavu alifundisha Kifaransa shule ya sekondari, na hata hapa kambini, baada ya miaka tisa, alikuwa bado na ile sauti ya mwalimu, sauti inayofika mpaka dawati la nyuma. Na alikuwa hachoki. Anakuja wa kwanza, anaondoka wa mwisho. Anakula muhogo wa kuchemsha kwa mkono mmoja huku mkono mwingine uko kwenye kompyuta. Akienda nyumbani, simu iko kifuani. Manesi walishajua kwamba hata wakimtafuta anasonga ugali, atapokea. Siku moja ilimlilia kanisani katikati ya mahubiri, naye akatoka mbio, akakalimani amesimama kwenye jua, kitenge kikipepea. Sisi tulimshangilia. Mayi Tamandani, msimamizi wetu wa Area 47, alimtaja katika kila mkutano: jamani, fanyeni kazi kama Vénérande.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi, na Vénérande alikuwa amekaa kitini tangu saa moja bila kuinuka hata kwenda chooni. Alipiga mama mmoja wa upande wa Lisungwi, humu humu kambini. Mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa na homa, na dawa ya maji alikuwa nayo nyumbani. Nesi akauliza uzito wa mtoto, akauliza chupa imeandikwa nini, akasema: nusu kijiko, mara tatu kwa siku. Vénérande akageuza. Nesi, kama kawaida yao, akaomba mama arudie alivyoelewa.

Mama akarudia neno kwa neno alivyoambiwa na Vénérande: "Kijiko moya na nusu, mara tatu. Nimesikia, mama. Aksanti sana."

Mimi nilikuwa meza ya pili, sikusikia yale mazungumzo. Nilichokiona ni uso wa Vénérande. Ulibadilika kama mtu aliyekanyaga nyoka. Alishika meza kwa mikono miwili.

"Hapana, mama!" akasema kwa nguvu. "Hapana, ngoja! Ni mi njo nimekosea. Nusu. Nusu tu! Usipite nusu. Sema tena, nikusikie."

Mama akasema tena. Vénérande akamwomba aseme mara ya tatu. Kisha akamwambia nesi ukweli wote, akavua hedifoni, akaziweka mezani. Mtoto hakupata dhara lolote, maana kijiko chenyewe kilikuwa bado hakijaguswa. Lakini Vénérande aliendelea kusema neno lile lile: "Nilimusikia nesi. Liliane, nilimusikia muzuri. Alisema nusu. Hiyo 'moya' imetoka wapi?"

Mchana ule ule akampigia Mayi Tamandani mwenyewe. Alitegemea kugombezwa. Mayi Tamandani alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza maswali mawili tu: leo umekula saa ngapi, na mara ya mwisho kuvua hedifoni ilikuwa lini. Basi akaambiwa aombe ruhusa ya kutoka kambini, aje Area 47 siku ya Ijumaa.

"Bananifukuza," alituambia. Audace akamwambia asiogope.

Ijumaa alivaa blauzi yake ya harusi za watu, akaondoka alfajiri. Sisi tulibaki tukifanya kazi kwa moyo wa mashaka. Ilipofika saa kumi na moja jioni, tukamwona anakuja kutoka barabarani, na hakuwa anatembea. Alikuwa anakimbia! Mwanamke wa miaka thelathini na minne, viatu mkononi, anakimbia.

"Bantu yangu!" akapiga kelele kabla hajafika mlangoni. "Mi nimeona kitu!"

Akatueleza bila kukaa. Alifika akiwa tayari kulia, Mayi Tamandani akamwambia hakuna barua ya kufukuzwa, akae tu pembeni siku nzima aangalie manesi wanavyofanya kazi. Basi akaangalia. Kila saa moja, nesi anasimama. Simu hata zikiwa zinaita, anasimama, na mwenzake anashika zamu. Anatundika hedifoni ukutani, anakunywa maji, anatembea uani dakika kumi bila kusema na mtu. Simu yake ya mkononi iko kwenye droo tangu asubuhi. Saa sita na nusu wanaacha meza zote, wanakaa chini ya veranda, wanakula nsima, ugali wa huku, na majani ya maboga pamoja, wanacheka. Mmoja alimwambia kwamba ni marufuku kula mezani. Na kabla ya kwenda nyumbani kila mmoja anaandika kwenye daftari: nani nimeongea naye, nini hakijaisha, nani aendelee. Akishaandika, kazi imebaki ofisini. Yeye anakwenda na kichwa chake.

"Na munajua nini?" Vénérande akasema, macho yanawaka. "Bo banapokea simu mingi kupita sisi! Mingi sana! Mi nilikuwa nazani kuchoka njo kufanya kazi."

Jumatatu akaja na ndoo ya plastiki yenye kifuniko. "Simu zenu humu," akasema. Akaja na madaftari matatu. Akaja na saa ya ukutani aliyoinunua sokoni, ambayo mlio wake ulikuwa kama jogoo mwenye mafua. Ikilia, mmoja wetu anasimama, ananyamaza dakika kumi, anatembea. Wawili wanabaki.

Nisiseme uongo, tulimcheka. Audace Hatungimana ni mrefu kuliko mlango wetu, na kumwona anazunguka chumba na chupa ya maji, mdomo umefungwa, hatua kwa hatua kama askari wa zamu, kuliwavunja mbavu wauza nyanya wa jirani. Siku ya pili walimuuliza kama ana tumbo. Siku ya tatu waliniuliza mimi kama amefiwa. Naye hawezi kujibu, maana dakika kumi hazijaisha!

Na wa kwanza kuvunja sheria alikuwa ni yeye mwenyewe Vénérande. Alhamisi ile nilitoka nyuma ya jengo wakati wa dakika zake, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya tangi la maji, simu ameificha ndani ya kitenge, vidole vinaandika haraka haraka kumjibu nesi.

"Mwalimu!" nikamwita.

Akaruka. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akakaa chini kabisa kwenye udongo. "Liliane," akasema, "mukono yangu haijui kukaa bure. Nikiacha simu, naona kama bantu banakufa na mi siko."

"Mi na Audace tuko," nikamwambia. "Sisi si bantu?"

Neno lile lilimwingia, niliona. Akanipa simu, nikaitia ndooni mwenyewe. Tangu siku ile aliniomba kila asubuhi mimi ndiye nifunge kifuniko. Wiki ya pili alivunja sheria mara mbili. Wiki ya tatu mara moja. Wiki ya nne ikaisha safi, na Audace akamletea andazi kumpongeza, likaliwa nje ya chumba kwa mujibu wa sheria.

Na mambo yakaanza kubadilika, bwana! Kichwa changu, ambacho kilikuwa kinaniuma kila alasiri, kikaacha. Audace, aliyezoea kuwaomba wagonjwa warudie kila neno, akawa anashika mara ya kwanza. Saa kumi tunaandika madaftari, tunafunga mlango, na laini ya jioni inashikwa na wakalimani wa zamu nyingine kule mjini. Simu ya Vénérande ikaacha kulia kanisani.

Halafu ikaja siku moja, mwezi wa tatu tangu ndoo ile ije.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jogoo wa ukutani alikuwa amelia, Vénérande amezunguka soko, amerudi, amekunywa maji, amevaa hedifoni. Hata dakika haikupita. Akaingizwa kwenye laini na nesi wa Area 47. Aliyepiga alikuwa msichana anaitwa Iteka, yuko Area 25, Lilongwe. Jirani yake yuko sakafuni, uchungu umemshika ghafla, gari la wagonjwa liko njiani lakini kichwa cha mtoto kinaonekana. Msichana yule alikuwa analia kwa lugha zote, Kiswahili, Kirundi, Kifaransa, vyote kwa pumzi moja.

Nimefanya kazi na Vénérande miaka mitatu, sijawahi kumsikia na sauti ile. Ilikuwa chini, imetulia, kila neno limesimama peke yake.

"Iteka. Niko hapa. Weka simu chini, fungua sauti kubwa. Nawa mikono. Umenawa? Muzuri. Usimuvute mutoto. Mushikilie tu. Mama, sukuma sasa. Pumua. Tena."

Nesi anasema, Vénérande anageuza, hata hakuna mwanya kati yao, ni kama mdomo mmoja wenye lugha mbili. Mimi na Audace tulikuwa tumesimama, masikio karibu na hedifoni zake. Kisha Iteka akapiga yowe: mtoto ametoka! Halafu akasema, kwa sauti ndogo: "Halii. Mama, halii."

Nesi akasema jambo haraka. Vénérande hakupandisha sauti. "Chukua kitambaa kikavu. Mupanguse, mwili yote. Sugua mugongo. Usiogope, sugua. Uso wake uache wazi. Endelea. Endelea, binti yangu."

Nilihesabu moyoni. Moja, mbili, tatu, nne...

Na tukasikia! Kupitia hedifoni za Vénérande, kutoka Area 25 mpaka Dzaleka, kilio chembamba, cha hasira, kilio kitamu kuliko wimbo wowote! Audace alipiga kichwa kwenye kizingiti cha juu kwa kuruka. Wauza nyanya walikuja mbio wakidhani nyumba inaungua. Kule Area 47 tulisikia manesi wanapiga vigelegele. Vénérande akainua mkono mmoja tunyamaze, maana bado alikuwa anafanya kazi: "Muweke kifuani mwa mama yake. Mufunike bote wawili. Kitovu usikate, bachie baganga." Alikaa nao mpaka gari lilipofika na mlango ukasikika ukifunguliwa.

Ndipo akavua hedifoni, akazitundika, akaniambia mimi, "Shika zamu," akatoka. Nilimwona akipita katikati ya watu, ananyamaza, machozi yanatiririka, anatabasamu peke yake.

Mtoto ni msichana. Wamemwita Maombi. Yuko mzima, na mama yake pia.

Wiki iliyofuata Mayi Tamandani alimwita tena Area 47, safari hii asimame mbele ya wakalimani wote wa laini awafundishe. Vénérande alitaka kuandaa hotuba ndefu ya Kifaransa. Akaishia kuwaambia habari ya mama wa Lisungwi, kosa lake mwenyewe, bila kuficha kitu. Alipomaliza, mkalimani mmoja mkongwe aliinuka, akatoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya kabati. Wengine wakafuata. Zikomo, zikomo kwambiri, manesi wakamshukuru kwa Kichewa.

Na saa zake za jioni, zile alizozirudisha? Ameamua kujifunza baiskeli! Utotoni kwao Bukavu, milima tupu, hakuna aliyemfundisha. Mume wake Cishahayo anaendesha kabaza, baiskeli ya abiria, anabeba watu mpaka Dowa, basi akirudi saa kumi na moja wanashika baiskeli wawili, mume anasukuma nyuma. Jumamosi iliyopita alimwachia. Vénérande hakujua. Alipita mbele ya nyumba yangu anaongea na mtu ambaye hayupo tena nyuma yake: "Usiniachie, Cishahayo, usiniachie!" Mtaa mzima ulikuwa unakimbia pembeni, wanawake wanapiga makofi, na yeye anakwenda tu, moja kwa moja, kuelekea barabara ya lami.

"Breki iko wapi?" akapiga kelele.

"Endelea kwanza!" tukamjibu sote.