Mistari Minne kwenye Ukuta wa Bibi

Mwezi wa saba mwaka huu nilirudi kwetu Itetemia, nikakuta saruji ya mdogo wangu wa kiume imelala barazani. Kipande kizima, kikubwa kama mlango, kilikuwa kimebanduka kwenye ukuta wa mbele wa nyumba ya bibi. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayeishi humo siku hizi, alipiga lipu miaka mitatu nyuma ili nyumba nayo ionekane ya kisasa. Nilimwambia saruji haishikani na tofali mbichi, akanijibu kwamba mimi ni mtu wa mambo ya kale. Sasa alisimama mikono kiunoni, na mimi, nisikufiche, nilifurahi kidogo.

Furaha ilinitoka nilipoinama kutazama. Saruji ilikuwa imeondoka na udongo wa miaka ya mwisho, na chini yake, usawa wa kiuno changu, palikuwa na mistari minne ya vidole. Vidole vidogo. Mstari wa nne ulikuwa umepinda. Nikatazama kidole changu cha mwisho, kilichopinda tangu nizaliwe, nikakiweka juu ya mstari ule.

Mdogo wangu hakuelewa. "Dada, tubomoe tu, tujenge kwa tofali za kuchoma. Mvua zikianza huu ukuta hautoboi."

"Nipe wiki moja," nikamwambia.

Utotoni kwetu, karanga zikishavunwa, nyumba ilisilibwa upya. Ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana. Wavulana walichota maji tu, tena kwa kunung'unika. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukaleta mchanga wa kijitoni na samadi mbichi kutoka zizi la jirani, tukakanyaga kwa miguu hadi mchanganyiko ukaanza kunata vidoleni. Jikoni michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ilichemka na karanga, na harufu yake tamu ilituvumilisha ile nyingine. Bibi alikuwa na amri moja: ukuta ukiuanza asubuhi, uumalize kabla jua halijazama, la sivyo kiungo kitaonekana. Ukuta wa mbele ndio uliomnyima raha, kwa kuwa unatazama barabara. "Njia hii imepitwa na watu tangu enzi za misafara," alikuwa akisema. "Sitaki mpita njia aniseme."

Mwaka nilipotimiza miaka kumi, alinipa mimi ukuta huo. Na haukuwa mwaka wa mchezo: Jumapili ile wageni walikuwa wanakuja kumposa shangazi yangu, na wageni wa posa hutazama nyumba kabla ya kumtazama binti.

Nilitaka ukuta wangu ung'ae kuliko kuta zote za Itetemia. Basi nikajifanya fundi. Mchanga niliuona unakwaruza, nikauacha. Nikachekecha udongo wa kichuguu mtupu, nikasiliba, nikalainisha kwa kiganja hadi ukawa kama uso uliopakwa mafuta. Usiku huo nililala na kiburi changu.

Siku ya pili ukuta ulikuwa umepasuka wote, nyufa juu hadi chini, kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Jirani alipita, akacheka hadi akashika mti. Nililia kwa aibu. Bibi alikuja, akapitisha mkono, vipande vikamdondokea. Nilingoja kofi.

"Kichuguu peke yake kina nguvu mno," alisema taratibu. "Kikikauka kinajivuta. Mchanga ndio unaokituliza. Haya, kwangua."

Hakumwita mtu mzima anisaidie. Shangazi, ambaye siku yake ilikuwa mikononi mwangu, alinitazama tu akaniletea maji ya kunywa. Nilikwangua ukuta wote, nikachanganya upya, safari hii kwa mchanga, nikasiliba siku nzima hadi mabega yakakataa kuinuka. Ulikauka bila ufa hata mmoja. Jumamosi nikapaka udongo mweupe, na ukiwa bado mbichi bibi akaja, akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe. Hakikukwama popote.

"Haya, weka mkono wako," akasema.

Nyumbani kwetu hayo ndiyo yaliyokuwa maneno makubwa. Msichana ambaye ukuta wake umepita ndiye pekee aliyeruhusiwa kuburuta vidole vinne kwenye udongo mbichi. Wageni walipofika, mzee mmoja wao aliuliza nani kasiliba. Bibi akaninyooshea kidole. Nimepata vyeti kadhaa tangu siku hiyo, hakuna hata kimoja kilichonifanya nitembee kifua mbele vile.

Wiki yangu mwaka huu ilinionyesha vilivyoondoka. Vichuguu vimesawazishwa kwa ajili ya viwanja. Nilipata kimoja cha mwisho nyuma ya shule. Zizi la jirani sasa ni fremu za maduka, na samadi niliitafuta siku mbili. Bibi hayupo, shangazi hayupo. Mdogo wangu alichota maji, kwa kunung'unika kama zamani.

Tulibandua saruji iliyobaki, nikaanza kusiliba. Nilipofika kwenye ile mistari midogo, aliniuliza kwa nini nisiiache. Nikamwambia kila mwaka tuliifunika wenyewe kwa udongo mpya, ndiyo maana nyumba imesimama. Nikaifunika kwa mkono wangu huu huu.

Siku ya pili hakukuwa na ufa. Siku ya nne nikapaka udongo mweupe, nikarudi nyuma, nikasimama kama mjinga, mkono ukichuruzika udongo, sina wa kuniambia yale maneno. Ndipo mdogo wangu akaweka ndoo chini. Akafumba macho, akapitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe, polepole, vilevile. Kumbe miaka yote ile ya kuchota maji alikuwa akitazama.

"Haya, dada," akasema. "Weka mkono wako."

Nikaweka. Mstari wa nne ukapinda.